Kuzisalimia Pointi za Shangazi

Shuleni, Pangani, Kibaha
Jumapili, 4 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa Mwanamvua,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi kidogo cha vumbi la bwenini, nacho kimeshapungua. Baba na mama walikuja kunitembelea kutoka Misugusugu. Mama ameisogeza miche yake karibu zaidi na barabara, na sasa watu wanasimamisha magari kuuliza bei ya maua hata kama hawanunui. Baba anakusalimu sana. Amesema hajasahau paa la banda lako, ila usimuulize lini.

Nakuandikia kwa sababu simu haturuhusiwi, na pia kwa sababu napenda. Barua hii anaibeba Mwalimu Justa, anayetufundisha jiografia. Kwao ni Kisarawe mjini, na akienda kuwaona wazazi wake ataiacha dukani kwa Mzee Mwinyijuma, pale unaponunua sabuni.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nilikwenda kuzisalimia pointi zako kama ulivyoniagiza. Mwalimu Eliya hutupa dakika ishirini kwenye chumba cha kompyuta ili tusome mitihani ya zamani. Kumi na saba nasoma mitihani. Tatu ni zako. Naandika namba ya kadi yako, naandika neno la siri, nangoja, kisha zinatokea: elfu arobaini na mbili na mia sita. Nazitazama, nasema kimoyomoyo "hamjambo", halafu nafunga. Sijagusa kitu.

Safari hii Mwalimu Eliya alisimama nyuma yangu akaniuliza ninatazama nini. Nikamweleza kwamba shangazi yangu alilea watoto Maskati kwa miaka kumi na moja, na kila aliposafiri nao kwa ndege, shirika lilimwandikia pointi, na pointi zikitosha hugeuka tiketi.

Akasema, "Kwa hiyo shangazi yako ana ndege?"

Nikasema, "Ana viti viwili, mwalimu. Kimoja changu."

Darasa lote lilicheka. Lakini Shangazi, tangu jana nikifumba macho naviona viti hivyo viwili, vitupu, vinatusubiri mahali penye mwanga mwingi. Mitihani yangu inaisha mwisho wa Novemba. Desemba si mbali.

Mwanao,
Mwanamkuu Zubeir


Kibuta
3 Machi 2024

Mwanamkuu, mama yangu,

Marahaba. Nakuita mama na wewe usichoke kuitika. Mwenye jina lako ndiye aliyenizaa, na alikuwa akiitika hata akiwa jikoni na moshi machoni.

Huku tu wazima. Mihogo imeshika. Jirani yangu Salumu amejenga choo kipya, na mkewe Maua hana mazungumzo mengine tena, ukimpita njiani unasimuliwa choo. Ramadhani inaingia wiki ijayo, Mungu akijaalia, na nimeshaweka tende. Mwambie baba yako banda linavuja pale pale, na kuku wamezoea kulala upande mmoja kama abiria.

Unanifurahisha unavyozitembelea hizo pointi. Fanya hivyo hivyo, tazama tu, usiziguse. Babu yako alikuwa akipita shambani kila asubuhi, mikono kaifunga nyuma, haokoti hata jani. Anautazama mkorosho mmoja mmoja, anapita. Tulipomuuliza alisema mkorosho ukikaa sana bila kumwona mwenye shamba unasahau kuzaa. Na kweli, mikorosho yake haikusahau. Nami nataka pointi zetu zikuone kila mwezi zikujue.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini nataka kupanda ndege tena wakati nimeshapanda mara nyingi kuliko watu wote wa Kibuta. Nitakwambia. Katika safari zote zile sikukaa dirishani hata mara moja. Madirisha ni ya watoto. Mimi nilikuwa katikati, mdogo mapajani, mkoba wa maziwa miguuni. Safari moja mtoto alilala, kichwa chake kwenye kioo, nikasema leo nitachungulia juu ya nywele zake. Kumbe alikuwa ameshusha kile kipazia. Rubani akatangaza tunashuka Dar es Salaam. Masikio yakaniziba. Nikajua hapo chini ni kwetu, pengine ni shamba la baba kabisa, pengine Maua anafua, na mimi natazama kisogo cha kiti cha mbele.

Basi. Nataka niione Kibuta kutoka juu, mara moja. Nikishaiona nitatulia.

Tutakwenda pamoja, wewe na mimi. Bila wewe siendi, nani atanisomea vibao vya kule uwanjani?

Shangazi yako,
Mwanamvua


Shuleni, Pangani, Kibaha
12 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Natumaini mvua hizi hazikukupa taabu sana. Mwalimu Justa amesema barabara ya kuja huko ilikatika na pikipiki zilikuwa zinabebwa na watu badala ya watu kubebwa na pikipiki. Kwa hiyo barua hii sijui itakufikia lini. Huku bwenini maji yaliingia mpaka kitanda cha chini, nacho ni changu. Nilihamia kwa Juliana, rafiki yangu wa Mwanza, anayezungumza usingizini kwa Kisukuma. Sasa tumerudi kila mtu kwake.

Jumamosi iliyopita nilizikuta pointi zako salama. Nilifanya na jambo moja zaidi. Nilifungua ukurasa unaosema pointi zinaweza kununua nini, na nikasoma kwa makini kama tulivyofundishwa kusoma maswali. Shangazi, si lazima turudi Maskati! Shirika lile linashirikiana na ndege za hapa nyumbani. Pointi zako zinatosha viti viwili kwenda Dodoma na kurudi. Nimepima kwenye atlasi kwa rula. Mstari kutoka Dar kwenda Dodoma unapita juu ya Kisarawe. Baba mdogo Hashiru atatupokea, tutalala kwake usiku mmoja, halafu tutarudi, na wakati wa kurudi utaiona Kibuta mara ya pili.

Wewe utakaa dirishani. Mimi nitakaa kiti cha nyuma yako, dirishani pia, ili tuone kitu kile kile kwa wakati ule ule.

Kulikuwa na ukurasa mwingine wa masharti, mrefu, ila dakika zangu ziliisha.

Jana niliota tumeshapanda. Ndani ya ndege hakukuwa na sauti yoyote. Chini kulikuwa na shamba la babu, lakini dogo, kama kitambaa kilichotarizwa, na babu alikuwa anapita kati ya mikorosho, mikono nyuma. Uligonga kioo. Akatazama juu.

Mwalimu Justa anatufundisha kusoma ramani. Nimemwambia nataka kuchora ramani ya shamba letu kama litakavyoonekana kutoka juu, ili tukifika hapo tujue tunatazama nini. Amenipa karatasi kubwa.

Shangazi, naomba kuuliza. Mwandiko wako umekuwa mkubwa. Barua ya Machi ilichukua kurasa sita, na mistari inapanda kama inakwenda kilimani. Ni kwa sababu gani?

Mwanao,
Mwanamkuu


Kibuta
23 Juni 2024

Mama yangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Mwinyijuma wiki tatu, ikanukia sabuni. Idi ya kuchinja imepita vizuri. Salumu alileta paja la mbuzi.

Mwandiko ni kalamu. Maua ameniletea kalamu nene ya kuandikia magunia.

Dodoma ni sawa. Sikujua kama ndege inapita huku. Naisikia kila siku, hasa ile ya alasiri, nasema ile pale.

Wamekuja watu wa macho Kisarawe, wamepiga mahema uwanjani, wanawapima wazee. Nilikwenda nikakaa kwenye foleni. Nikarudi. Mambo ya visu hayo, tutayazungumza baada ya Dodoma. Macho ya mtu mzima ni macho ya mtu mzima.

Wewe soma.

Mwanamvua


Shuleni, Pangani, Kibaha
8 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mikorosho imetoa maua na hakuna ukungu. Sisi tu wazima. Mama amepata mteja mkubwa aliyenunua miche mia mbili ya kupanda kuzunguka kiwanja chake, kwa hiyo nyumbani kuna furaha. Baba ameanza kusema neno "bati", sijasikia akisema "lini".

Tulifanya mtihani wa majaribio. Jiografia nilipata themanini na moja. Juliana alinipita hesabu, akaniambia, "Wewe endelea kuchora mashamba, sisi tutakuhesabia mikorosho."

Ramani inaendelea. Nimechora kilima, nyumba, banda, kisima na njia ya kwenda kwa Salumu. Nimetumia rangi ya kijani ya Juliana kwa mikorosho. Nikiichora nasahau kengele. Kuna wakati mkono wangu unaonekana kama upo juu sana, na ile karatasi ndiyo ardhi.

Jana sikuweza kuzisalimia pointi. Mtandao haukuwepo.

Tafadhali usijichoshe na kazi.

Mwanao,
Mwanamkuu


Kibuta
29 Septemba 2024

Mwanamkuu, mama yangu,

Marahaba. Hongera ya themanini na moja. Ile kumi na tisa iliyobaki waachie walimu.

Maulidi yalisomwa hapa kwetu mwaka huu. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi ya choo cha Salumu, nacho kimesifiwa, Maua karibu alie. Basi katika mazungumzo nikateleza, nikawaambia Desemba nasafiri. Wakauliza kwenda wapi. Nikasema Dodoma. Wakauliza kufanya nini. Nikasema kurudi.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee mmoja akasema, "Mwanamvua, mtu anapanda ndege aje aone nyumbani kwake, si angesimama tu mlangoni?" Nikamwambia, "Wewe mke wako umemtazama kwa mbele miaka hamsini, umewahi kumtazama ukiwa juu ya mnazi?" Mkewe ndiye aliyejibu, akasema, "Mpandishe kwanza huo mnazi, Mwanamvua, aanguke tupumzike."

Nimeweka kanga mpya ya safari, ile ya rangi nyekundu na nyeusi, haijakatwa bado. Viatu ni vile vya Maskati, vimekaa kama jana. Naviweka mlangoni ili vizoee.

Pole kwa mtandao. Mwezi ujao ukizikuta, zisalimie mara mbili.

Kalamu ni ile ile nene, nivumilie.

Shangazi yako


Shuleni, Pangani, Kibaha
13 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani wote hawajambo. Mahafali yalikuwa tarehe tano. Mama aliweka mkoba wake kwenye kiti chako ili mtu asikikalie, na mpaka mwisho kilikaliwa na mkoba. Baba alisema hukuweza kuja kwa sababu ya barabara. Nilikubali, ingawa barabara sasa ni kavu.

Nimeshaandika barua hii mara nne. Hii ni ya tano, na nitaipeleka hata ikiwa mbaya.

Pointi zako hazipo tena.

Tarehe saba Septemba mtandao ulikuwepo. Nilifungua akaunti, na pale penye namba palikuwa na sifuri moja. Nilidhani ukurasa haujamaliza kufunguka, nikangoja. Nilizima, nikawasha. Nilizisalimia hivyo hivyo, nikidhani labda zitajitokeza. Kisha nikafungua ule ukurasa wa masharti ambao mwezi wa Mei niliuacha. Imeandikwa kwamba mtu asiposafiri wala kutumia pointi kwa miezi thelathini na sita, zote zinafutwa. Safari yako ya mwisho ilikuwa Agosti 2021. Zilifutwa tarehe thelathini na moja Agosti, siku saba kabla sijafika. Na wameandika wazi kabisa: kuingia na kutazama si kutumia.

Nilizitembelea mara kumi na sita, Shangazi. Hakuna hata moja iliyohesabiwa. Kwao ni kama hapakuwa na mtu.

Onyo walilipeleka, mara tatu, lakini kwa barua pepe ya Bi Zuwena, yule binti wa Maskati aliyekufungulia akaunti kwa anwani yake. Sijui kama aliziona. Linaloniumiza zaidi ni hili: ningetumia pointi mia tano tu, kununua hata kalamu kwenye duka lao, zilizobaki zingeishi miaka mitatu mingine. Mimi nilikuwa najivunia kwamba sikugusa.

Mwalimu Eliya alinisaidia kuwaandikia. Walijibu baada ya wiki mbili kwa maneno mazuri sana kwamba haiwezekani.

Nilikuandikia kwamba mtandao haukuwepo. Ni uongo wangu wa kwanza kwako, na niliuandika kwa mwandiko safi. Nilisema moyoni nitakwambia baada ya mitihani, lakini ulipoandika kwamba viatu viko mlangoni, sikuweza tena. Nikifumba macho sasa viti vile naviona vimekaliwa na watu nisiowajua, na mwenye dirisha amelala.

Nimekuwa mjinga. Nilifundishwa kusoma masharti kabla ya kujibu swali, na sikusoma. Naomba unisamehe, na kama bado huwezi, naomba unijibu hata hivyo.

Mwanamkuu


Kibuta
27 Oktoba 2024

Mwanamkuu, mama yangu,

Marahaba. Anayeandika ni Maua, mimi nasema. Mkono wangu umeteguka kidogo.

Huku tu wazima. Korosho zimeanza kudondoka.

Barua yako Maua amenisomea mara mbili. Mara ya pili nilimwambia aruke pale unapojiita mjinga, maana jina ulilonalo halijawahi kuitwa hivyo kwenye nyumba hii.

Naona unataka nikukasirikie. Nilikasirika Jumatatu nzima. Niliikunja kanga nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Jumanne nikakumbuka nani alikwambia usiguse. Ni mimi. Hukuzigusa, umetii. Mimi ndiye niliyedhani zile ni mikorosho, kumbe ni jiko la mkaa, lisipochokolewa linazimika hata ukilikodolea macho. Babu yako angekuwapo angecheka mpaka akae chini.

Habari ya uongo, tuimalize hapa. Na mimi nimekuandikia jambo ambalo si kweli. Utalijua ukishamaliza mitihani. Kwa hiyo tuko sawa, wewe moja, mimi moja.

Usiote tena hivyo viti. Ota mitihani.

Shangazi yako,
Mwanamvua

Mdogo wangu, hapa ni mimi Maua, hajaniambia niandike hili. Nimemsomea barua yote nikaiacha sehemu hii. Mkono haujateguka. Ni macho, yote mawili, ule ukungu wanaouita mtoto wa jicho. Tangu mwaka jana. Sasa ananijua kwa sauti, na korosho anaokota kwa kupapasa. Mwezi wa sita daktari alimwambia apasuliwe, akakataa. Alisema kisu kikikosea atapoteza na hicho kidogo kilichobaki, na hicho kidogo alitaka akitumie dirishani kwanza. Wale watu wa macho wanarudi Novemba. Nimekwambia kwa sababu wewe anakusikiliza. Usinitaje. Na usifeli mtihani kwa ajili yangu, mama yako atanikamata.


Shuleni, Pangani, Kibaha
3 Novemba 2024

SHANGAZI YANGU MPENDWA,

SHIKAMOO. POLE KWA MKONO. SISI HATUJAMBO. BABA AMENUNUA BATI NNE, NIMEZIONA KWA MACHO YANGU.

NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KWA SABABU KALAMU YANGU NAYO NI NENE.

ASANTE KWA KUNIJIBU. NIMEISOMA BARUA YAKO CHINI YA MTI WA MUARUBAINI MPAKA NIKAIJUA KWA MOYO.

MITIHANI INAANZA TAREHE 11. BAADA YA HAPO HATUENDI DODOMA. KWA HIYO, SHANGAZI, NIMEFIKIRI HIVI: SIKU ULIZOKUWA UMEZIWEKA AKIBA KWA AJILI YA DIRISHA SASA ZIKO WAZI. HAKUNA CHA KUSUBIRI. UNAWEZA KUZITUMIA KWA JAMBO JINGINE LOLOTE, HATA LILE LINALOTISHA. NINGEKUWA KARIBU NINGEKAA NAWE KWENYE FOLENI NIKUSOMEE VIBAO.

NIMEKUPELEKEA RAMANI. NDIVYO SHAMBA LINAVYOONEKANA KUTOKA JUU, KWA KADIRI NINAVYOWEZA KUFIKA JUU NIKIWA HAPA. IWEKE UKUTANI. SI LAZIMA UITAZAME SASA.

MWANAO,
MWANAMKUU


Kibuta
1 Desemba 2024

Mwanamkuu, mama yangu,

Marahaba, na pole na mitihani. Mwalimu Justa alimwambia Mwinyijuma kwamba mmemaliza wote salama na kwamba ulitoka kwenye chumba cha jiografia unatabasamu. Tabasamu la jiografia nalijua, ni la babu yako akishapita shambani.

Utaona kalamu imepona.

Tarehe kumi na nne walinipasua jicho la kulia. Niliogopa, sitakuficha. Nilikaa kwenye foleni ile ile, Maua kando yangu, na kila kibao tulichopita alinisomea kwa sauti kama anatangaza mpira, hata kibao cha choo. Nikamwuliza nani alimwagiza. Akasema hakuna. Nikamwambia aliyekuagiza ana herufi kubwa. Kwa hiyo najua kwamba amekuandikia, na yeye anajua kwamba najua, na tumeyaacha hivyo.

Kesho yake walinifungua bandeji. Mtu wa kwanza kumwona ni Maua. Ana chunusi mbili kwenye kidevu ambazo hakuwahi kuniambia. Nililia, akadhani ni dawa.

Nimewaza sana juu ya kile kiti. Kwa macho niliyokuwa nayo, mwanangu, ungenikalisha dirishani na ningeona moshi tu. Ningekudanganya kwamba nimeona, nawe ungefurahi, tungerudi nyumbani na uongo wa tatu. Jicho la kushoto ni Februari. Baada ya hapo tuanze upya kutafuta dirisha, kwa njia yoyote, sisi wawili na macho manne. Viatu bado viko mlangoni.

Ramani yako iko ukutani tangu ilipokuja, ila nimeisoma wiki hii. Nimeishika mkononi nikazunguka nayo shamba zima, mara mbili. Ni nzuri. Kilima umekipata, hata ile sehemu kinapolegea. Lakini mikorosho umechora kumi na miwili, nayo ni kumi na minne, umeisahau ile miwili iliyo nyuma ya choo cha zamani. Banda umelichora lina paa zima; mwambie baba yako aje ajenge kama kwenye ramani. Na kisima umekiweka mashariki ya nyumba. Hakijawahi kuwa huko hata siku moja.

Juzi alasiri nilikuwa naanika korosho uani. Nikaisikia. Mwaka mzima ndege kwangu imekuwa sauti tu, naisikia nasema ile pale, na sijui ile pale ni wapi. Juzi niliinua kichwa bila kufikiri. Ilikuwa inashuka kuelekea Dar, tumbo jeupe, jua limeipiga ubavuni, na ubavuni kuna mstari wa madirisha, madogo kama tundu za sindano. Nikaanza kuyahesabu. Nilifika la saba, mkorosho wa babu yako ukaificha.

Nilibaki nimesimama na ungo. Nikasema, kama huko kuna mtu ameketi dirishani na hajalala, basi hivi sasa anaiona Kibuta, anaona paa, anaona mwanamke uani amesimama katikati ya korosho na kisima kipo magharibi yake.

Njoo upumzike huku mpaka matokeo yatoke. Njoo na kifutio.

Shangazi yako,
Mwanamvua